Watu Bado Ni Wanne

Jumapili ile, saa tisa alasiri, Fundi aliingia sebuleni kwa kina Mwalimu akiwa amekumbatia faili la bluu, akakuta kiti chake kimekaliwa.

Si kwamba kiti kile kilikuwa kimeandikwa jina lake. Kilikuwa cha mbao, chenye mto uliopauka, kando ya dirisha, na kwa miaka mitano ya kuingia na kutoka katika nyumba ile ndicho alichokaribishwa kila mara. Leo alikikalia binti mmoja mwenye kucha za rangi ya waridi, glasi ya juisi mkononi, miguu ameikunja kama mtu aliye kwao.

"Shikamoo, wifi," Fundi alimwamkia dada mkubwa wa Mwalimu.

"Marahaba," alijibu dada mtu. Siku zote alikuwa akimalizia kwa kumwita wifi naye. Leo neno lile lilibaki kooni. "Vuta hiyo stuli ya jikoni ukae. Mama ametoka kidogo. Tulikuwa tunakusubiri wewe na makaratasi yako."

Fundi alivuta stuli. Mwalimu alikuwa amesimama karibu na kabati la vyombo, akifuta miwani yake kwa pindo la shati, jambo ambalo Fundi alikuwa amemkataza zaidi ya mara mia. Alimtazama, akingoja yale macho yasiyoona vizuri yamtafute, kama yalivyokuwa yakimtafuta tangu siku ya kwanza, yakiwa yamekunjamana kidogo, yenye tabasamu kabla hata hayajahakikisha ni nani. Hayakumtafuta. Yaliendelea kuikagua lenzi.

Labda amechoka, Fundi alijiambia. Hakuwa mwepesi wa kumfikiria mtu vibaya. Kazini kwake alikuwa amejifunza kwamba vitu vingi vinavyoonekana vibaya ni vya kufutwa tu.

Alifungua faili. Safari ya kwanza ya Japani, siku kumi, mwisho wa mwezi wa nne hadi mwanzo wa mwezi wa tano. Alikuwa ameipanga kwa miezi saba, jioni baada ya kazi. Mwanzoni ilikuwa safari ya watu wawili. Halafu Mwalimu akasema mama naye angependa kuuona mlima kabla magoti hayajamkatalia, na Fundi akafurahi kwa moyo mmoja. Halafu dada mtu akasema hamwachi mama. Fundi akaongeza. Wakawa wanne.

"Tokyo siku tatu," alianza. "Halafu ziwani, chini ya mlima, siku tatu. Halafu Kyoto. Kila mji vyumba vitatu. Kimoja cha mama na wifi, kimoja cha Mwalimu, na kimoja changu."

"Na mabegi?" aliuliza dada mtu.

"Mabegi hatuburuti. Unayakabidhi hotelini asubuhi, gari la mizigo linayapeleka, kesho yake unayakuta mji mwingine. Kwenye treni za kasi wiki hiyo ni msongamano, na zipo zisizompandisha mtu asiye na kiti. Viti vinaanza kutolewa mwezi mmoja kabla. Nimeshavichukua."

Yule binti wa kucha za waridi aliweka glasi chini. "Samahani, dada. Kwa nini tuende wiki yenye watu wengi hivyo?"

*Tuende.* Fundi alilisikia neno lile likipita, akaliacha lipite.

"Ni kwa sababu ya likizo ya shule," alisema. "Mwalimu hana nafasi nyingine. Bahati mbaya huko nako ndiyo wiki ambayo sikukuu zao zinafuatana, nchi nzima iko njiani. Ndiyo maana vyumba niliviwahi mapema. Leo ukitafuta chumba pale ziwani, hata pa kulaza kofia hupati."

"Kumbe unaijua kazi yako!" Binti aliinama mbele, uso umemchangamka. Hakuwa na ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililokuja kumuuma Fundi baadaye. "Ofisi yenu iko mtaa gani? Nina mashoga zangu wanatafuta wakala mwaminifu wa safari."

Kwenye chumba cha jirani bomba la maji lilikuwa likidondosha tone, tone.

"Wakala?" Fundi aliuliza.

"Si ndivyo? Mwalimu aliniambia kuna mtu anawapangia safari."

Fundi alimtazama Mwalimu. Mwalimu alivaa miwani, akaivua tena.

"Huyu ni fundi wa miwani," dada mtu alisema, akicheka kicheko kifupi. "Anatusaidia tu. Ana moyo wa kusaidia, huyu! Ukimwomba maji anakuletea na birika. Basi, tusipoteze muda. Pasipoti hizi hapa, uandike majina vizuri."

Zilikuwa nne, zimefungwa kwa mpira. Fundi alizifungua moja moja, kwa utaratibu, kama anavyofungua boksi la lenzi. Mama. Dada. Mwalimu. Alipofungua ya nne alikutana na uso uleule uliokuwa mbele yake, umekaa juu ya mto wake uliopauka.

"Yangu iko wapi?" alisema. Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtu anayeulizia kalamu.

Mwalimu alivuta mtoto wa kabati, akaitoa, akamkabidhi kwa mkono ulionyooka ili asisogee karibu. "Hii hapa. Niliitunza."

"Ulisema utatukatia tiketi wote kwa pamoja."

"Zimeshakatwa," alisema dada mtu. "Na wala usione ni kazi kubwa. Watu bado ni wanne. Badilisha jina moja tu, vingine viache vilivyo."

"Kile chumba cha ziwani kina dirisha la kuuona mlima, eti?" binti aliuliza kwa upole, akiwa haelewi kitu. "Mwalimu amesema tukifika pale ana jambo la kuniuliza." Akaangalia kucha zake, akaona haya.

Fundi alifunga faili. Alilifunga polepole, akahakikisha hakuna karatasi iliyochungulia nje. *Tukifika ziwani nina jambo la kukuuliza.* Maneno hayo alikuwa nayo yeye, kwenye simu yake, ya mwezi wa kumi. Yule binti hakuwa amebadilishiwa hata neno.

*

Mwalimu alimfuata mpaka getini. Alimshika kifundo cha mkono, dole gumba juu ya mshipa, kama alivyozoea. Fundi aliuchukia mshipa ule kwa jinsi ulivyoenda mbio bila aibu.

"Nisikilize," Mwalimu alisema. "Mama amekataa."

"Amekataa nini?"

"Mimi na wewe. Nimebembeleza, nimepiga magoti. Anasema hataki."

"Mama yako? Aliyenifundisha mwenyewe kupanga kabati lake la dawa?"

"Watu hubadilika. Anamtaka huyu, Mfamasia, binti wa rafiki yake. Ana duka lake la dawa, familia zinajuana." Alishusha sauti. "Ni kumridhisha mama tu. Siku kumi, narudi, tunaendelea. Wewe unanijua."

"Na hilo jambo la kumwuliza ziwani?"

Mwalimu alitupa jicho nyuma, kuelekea nyumbani. "Maneno ya kumfurahisha mtu. Ungetaka nimwambie nini?"

"Na mimi ulikuwa unanifurahisha?"

"Sasa ndio unaanza kunikaba." Aliachia mkono wake, halafu akaushika tena, laini. "Mpenzi. Japani haihami. Utakwenda mwakani, watu wakipungua. Ila sasa hivi niokoe. Vyumba vyote viko kwenye simu yako, mimi hata sijui umebonyeza wapi. Yale maandishi yao madogo siyaoni, unajua. Badilisha hilo jina. Nifanyie mimi, si wao."

Alimtazama kwa karibu, macho yamekunjamana, na kwa sekunde moja alikuwa yuleyule wa siku ya kwanza: mwanaume aliyeingia dukani na miwani iliyovunjika katikati, akaelekeza kidole kwenye kalenda ya kampuni ya lenzi iliyokuwa ukutani na kuuliza, "Lile ni wingu?" Fundi alikuwa amemjibu kwamba ni mlima, uko Japani. Naye akasema, "Siku nikiuona vizuri nitakupeleka." Kila mtu dukani alicheka. Fundi hakucheka. Aliamini papo hapo, na akaendelea kuamini miaka mitano.

"Miwani yako mpya itakuwa tayari Alhamisi," alisema.

"Na jina?"

"Njoo Alhamisi."

Mwalimu alishusha pumzi, akambusu kipaji cha uso. "Ndiyo maana nakupenda," alisema, akageuka akarudi ndani walikokuwa wakimsubiri.

*

Karakana ilikuwa nyuma ya duka, chumba chembamba chenye mashine ya kusagia lenzi, sinki, meza na taa ya kuvuta. Jumatatu asubuhi Fundi alikaa pale akasaga lenzi za Mwalimu. Macho yale yalikuwa mabaya sana. Miwani ya zamani ilikuwa minene kiasi kwamba wanafunzi wake walimwambia anaweza kuwashia moto kwa jua. Kwa hizi mpya Fundi aliagiza kioo chembamba, akasaga ukingo mwenyewe, milimita kwa milimita, ili siku ya mlima asipoteze hata jiwe moja.

Angeweza kuziharibu. Wazo hilo lilimjia mara moja. Kuzungusha lenzi kidogo tu, dunia ikampinda mtu yule kwa siku kumi. Alilitazama wazo lile, akaona ni aibu kwa mikono yake, akaendelea kusaga sawasawa.

"Leo huimbi nyimbo zako," alisema Mpimaji, mama mtu mzima aliyekuwa akipima macho chumba cha mbele, akichungulia mlangoni. "Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Haya. Mama mkwe wako yuko mbele, anataka umkazie miwani."

Mama yake Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Fundi alimwamkia, akapokea miwani, akaingiza skrubu mpya bila kuinua macho. Mikono yake ilijua kazi.

"Inaniteleza puani," mama alisema. "Nisije nikaidondosha ziwani huko, samaki wakaanza kusoma magazeti." Alicheka mwenyewe, halafu akakaza uso. "Nina neno na wewe, mwanangu. Nimekukasirikia."

"Nimekosa nini, mama?"

"Unauliza? Kwa nini umekataa safari?"

Bisibisi ilisimama.

"Mwanangu kaniambia umesema kazi zimekuzidi, tuende bila wewe. Nikamwambia, nenda kambembeleze. Akasema kakubembeleza mpaka basi, umekaza shingo. Nimelala siku mbili na donge. Ndipo dada yake akasema atamtafuta mwenzetu wa kuziba nafasi, tusipoteze kiti."

Fundi aliweka bisibisi mezani.

"Mama," alisema, "mimi nimeambiwa wewe ndiye uliyenikataa."

"Mimi?"

"Ndiyo. Kwamba alikupigia magoti ukasema hutaki."

Bila miwani uso wa mama ulikuwa mtupu, kama chumba kilichotolewa vyombo. Alinyoosha mkono juu ya meza, akaushika wa Fundi, akaubana.

"Mtoto huyu," alisema kwa sauti ya chini. "Toka mdogo hivyo hivyo. Akivunja kikombe anasema ni paka. Na paka sisi hatukuwahi kufuga." Machozi yalimlenga. "Miaka mitano unaingia kwangu. Nilipolazwa ni nani aliyekuwa akinikata kucha? Binti yangu? Wewe. Mimi nikukatae, nikupeleke wapi?"

Kitu kilifunguka kifuani mwa Fundi. Tangu jana alikuwa amejikaza, na sasa hivi tu, kwa mkono ule mkavu wa kizee uliokuwa ukimbana vidole, aliona mwanga. Mama atasema. Mama akisema, nani atabisha? Alimvalisha miwani, akairekebisha nyuma ya masikio taratibu, karibu alie kwa shukrani.

Mama alijitazama kwenye kioo cha mezani. Aligeuza kichwa kushoto, kulia. Miwani haikuteleza.

"Hata hivyo," alisema, bado akijitazama, "tiketi zimeshakatwa."

Fundi aliokota skrubu ya zamani, akaitia kwenye kopo.

"Na wazazi wa yule binti wameshaambiwa kwamba tunakwenda naye. Ni watu wazito. Nikiwarudia leo niseme nini? Kwamba mwanangu ni muongo?" Alishusha pumzi. "Nitamsema, usidhani. Nitamsema sana. Lakini mwanangu ni mwanangu. Na wewe una moyo, u mtu mwelewa. Wewe utapata mwingine, tena upesi." Alisimama, akachukua mkoba. Mlangoni aligeuka. "Vyumba vipo, lakini?"

"Vipo, mama."

"Hata kile cha ziwani? Chenye dirisha?"

"Hata hicho."

"Mungu akubariki," mama alisema, na kwa kweli alimaanisha. Alirudi hatua mbili akampapasa shavu, akatoka kwenda zake, miwani imemkaa vizuri.

Mpimaji alikuwa amesikia yote kutoka nyuma ya pazia. Alitoka akasimama, mikono kiunoni. "Niseme neno au ninyamaze?"

"Nyamaza, tafadhali."

"Basi nanyamaza. Ila nanyamaza kwa shida."

Saa saba mchana, wakati wa mapumziko, Fundi alikaa kwenye karakana na faili la bluu na simu. Alifanya kazi yake kwa mpangilio, mji baada ya mji, akisoma kila mstari wa maandishi madogo mara mbili kabla ya kubonyeza. Alipomaliza alisubiri robo saa kwa saa ya ukutani, akaangalia tena, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Halafu akaenda mbele kumwomba Mpimaji kalamu nyembamba kuliko zote na kadi nyeupe.

"Unaandika nini kwa herufi za kichwa cha sindano?"

"Kadi ya kusomea. Ile ya zamani imechakaa."

*

Kadi ya kusomea ilikuwa desturi ya duka lile kabla Fundi hajaajiriwa. Hakuna mteja aliyetoka na miwani mipya bila kuketi kwenye kiti cha mbele na kusoma kadi kwa sauti, kuanzia juu mpaka mwisho, bila kuruka. Mwenye duka aliianzisha baada ya kuchoshwa na watu wanaoondoka wakisema safi na kurudi kesho yake wakisema sioni. Kadi yenyewe ilikuwa na habari ya jua kuchomoza na ndege kuamka, kwa herufi zinazozidi kupungua, na mstari wa mwisho uliwachekesha wote: *Ukiweza kusoma hapa, miwani yako imekukaa.*

Alhamisi Mwalimu alifika saa kumi, akitokea shuleni, chaki kwenye mkono wa shati. Dukani walikuwepo Mpimaji, mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu na mwanamke aliyekuwa akijaribu fremu mbele ya kioo.

"Fundi wangu," alisema kwa sauti laini. Aliinama karibu. "Umefanya?"

"Nimefanya. Kaa."

Alikaa. Fundi aliipasha moto mikono ya miwani, akamvalisha. Ilimbidi asimame karibu, kama kazi inavyotaka, pumzi yake ikipita juu ya kipaji cha uso wa mtu yule. Vidole vyake vilipita nyuma ya masikio, vikakuta pale pale alipopajua, kile kikovu kidogo cha fremu ya zamani. Vilitamani kukaa. Alivitoa.

Mwalimu aliinua macho, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano hayakuwa yamekunjamana. Alimwona. Alimwona kope kwa kope, mstari mwembamba kando ya mdomo, wekundu wa macho ambayo hayakulala. Akapigwa na butwaa.

"Ulikuwa mzuri hivi siku zote?" alinong'ona.

"Soma kadi," Fundi alisema.

Alitabasamu, akaipokea. "Naijua hii kwa moyo. Jua, ndege..."

"Soma kwa sauti. Usiruke."

Alikohoa, akajiweka sawa, akaanza kwa ile sauti ya darasani iliyojaa chumba kizima.

"'Tokyo, chumba cha watu wawili, siku tatu: kimefutwa. Tokyo, chumba cha mtu mmoja, jina la Mwalimu: kimefutwa.'" Akasita. "Hii ni nini?"

"Endelea. Lenzi haijulikani kwa mstari mmoja."

"'Ziwani...'" Sauti ilishuka. "'Ziwani, chumba cha watu wawili, chenye dirisha la mlima: kimefutwa. Ziwani, chumba cha mtu mmoja...' Fundi."

"Sauti, Mwalimu," Mpimaji alisema kutoka kwenye pazia lake. "Huku nyuma hatusikii."

Mwanamke wa fremu aligeuka kutoka kwenye kioo. Mzee wa zamu alisogeza kiti.

"'...jina la Mwalimu: kimefutwa. Kyoto, cha watu wawili: kimefutwa. Kyoto, cha mtu mmoja, jina la Mwalimu: kimefutwa. Viti vitatu vya treni vimerudishwa.'" Herufi zilikuwa zikipungua, na yeye akizidi kuisogeza kadi karibu, ingawa hakuhitaji tena. Aliona kila moja. "'Vilifutwa Jumatatu saa saba mchana. Saa saba na robo vyumba vya ziwani vilikuwa na watu wengine. Mama yako alinieleza ukweli. Vyumba vitatu vya Fundi havikuguswa. Atakwenda peke yake.'"

Akaishusha kadi.

"Bado mstari mmoja," Fundi alisema.

Mwalimu aliiinua kadi tena. "'Ukiweza kusoma hapa,'" alisoma, sauti karibu haisikiki, "'miwani yako imekukaa.'"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alitoa simu mfukoni, akaanza kubonyeza, na sasa maandishi madogo hayakumsumbua hata kidogo. Tokyo. Ziwani. Kyoto. Fundi alijua anachokiona, maana alikuwa amekiangalia kila siku kwa miezi: safu ndefu ya majina ya hoteli, na pembeni ya kila jina neno lilelile, hakuna nafasi.

"Tiketi hazirudishiki," Mwalimu alisema. "Tutalala wapi? Mama atalala wapi?"

"Sijui."

"Mama hakukukosea kitu!"

"Mama aliniuliza kama vyumba vipo. Nilimwambia vipo. Wakati ananiuliza vilikuwepo."

"Una roho gani wewe?" Macho yalikuwa yamejaa machozi nyuma ya kioo kile chembamba. "Ungeweza kunitukana. Ungenipiga kofi mbele za watu, ningekuelewa. Lakini hivi? Polepole hivi? Umekaa umeandika?"

"Wewe uliipanga yako polepole zaidi," Fundi alisema.

Mwalimu alifungua mdomo kutafuta paka wa kumsingizia, na safari hii hakumpata. "Utakaa peke yako pale ziwani ufanye nini?"

"Nitautazama mlima."

"Utalia."

"Nitalia pia."

Mwalimu alisimama. Alitaka kusema neno jingine, labda lile la kumwomba, labda lile la kumlaani, lakini macho yake mapya yalinaswa na kalenda iliyopauka ukutani, ileile ya miaka mitano, ambayo hakuna aliyewahi kuitoa. Aliisogelea. Alisimama mbele yake kama mwanafunzi mbele ya ubao.

"Kuna watu," alisema. "Chini ya mlima, kando ya maji. Watu wawili wamekaa. Mbona sikuwahi kuwaona?"

"Wamekuwepo siku zote," Fundi alisema.

Mwalimu aligusa picha kwa ncha ya kidole, akaondoa mkono haraka kama aliyeungua. Simu ilianza kulia mkononi mwake. Jina la dada yake lilikuwa kubwa kiasi kwamba hata Fundi aliweza kulisoma kutoka mezani. Hakupokea. Alielekea mlangoni.

"Miwani ikikubana nyuma ya masikio," Fundi alimwambia kwa sauti ileile anayowaambia wateja wote, "rudi tuilegeze. Mwezi mmoja ni bure."

Mlango ulijifunga. Kupitia kioo alimwona amesimama kwenye ukingo wa barabara, akivua miwani, akianza kuifuta kwa pindo la shati, akikumbuka, akiacha.

Mpimaji alikuja akasimama kando yake. Fundi aliikunja ile kadi mpya mara mbili, akaitia kwenye faili la bluu pamoja na pasipoti yake. Kisha akaitoa ile ya zamani kwenye droo, akaipangusa, akampa mzee aliyekuwa akisubiri. Vidole vyake vilikuwa bado na joto la masikio ya mtu mwingine, akavifuta kwa kitambaa cha lenzi, kimoja kimoja, na joto halikutoka.

"Karibu, baba," alisema. "Kaa hapa. Soma kwa sauti, usiruke."

"Jua limechomoza," mzee alianza, na Fundi alisimama mbele yake akimsikiliza, mgongo ameupa dirisha, mpaka mstari wa mwisho.